Redio mpya kwenye gari la kifahari la zamani: uibadilishe, uiongezee au uiache ya kiwandani?

Nilipoichomoa redio ya Mercedes yangu ya W126 (herufi na namba za namna hii ni msimbo wa kiwanda wa kila toleo la gari) kwa mara ya kwanza, nyuma yake nilikuta fundo la nyaya, nene kama ngumi, limeviringishwa tepu nyeusi iliyokwisha kuyeyuka gundi. Soketi ya kiwandani haikuwepo. Fundi wa mmiliki aliyenitangulia alikuwa ameikata, kisha akafunga redio ya dukani kwa kusokota waya kwa waya. Redio ilipiga, lakini ukiwasha taa sauti inasinyaa, na ukikanyaga mafuta spika zinatoa mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Jumamosi mbili ziliniishia nimeinama chini ya dashibodi na mita ya umeme mkononi, nikitafuta kila waya ni wa nini, kabla sijagusa redio yoyote mpya.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue redio ipi kwa ajili ya gari lake la kifahari lenye umri mkubwa, namrudishia swali: nyuma ya redio uliyonayo sasa kuna nini? Kwenye gari la kawaida unachagua redio, nyaya zinafuata. Kwenye magari haya nyaya ndizo zinazokuambia redio gani itakubali. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bidhaa, tulinganishe magari.

Gari lako ni la kizazi kipi

Kizazi cha kwanza ni cha nyaya za kawaida za shaba, kila moja na kazi yake. Humo wamo akina W126 (1979 hadi 1991), Jaguar XJ za zamani na BMW Series 7 za miaka ya 80. Nafasi ya redio mara nyingi ni ile ya DIN moja, takriban milimita 180 kwa 50, kipimo kilichozaliwa Ujerumani na baadaye kikawa kipimo cha kimataifa, ISO 7736. Umeme unaingia kwa njia mbili: waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri unaotunza kumbukumbu ya stesheni na saa, na waya unaopata umeme ukizungusha ufunguo. Hapa una uhuru mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Kizazi cha pili bado kina shaba, lakini vifaa vimeanza kuzungumza. BMW E38 na E39 ni mfano mzuri. Zile zenye skrini katikati ya dashibodi hazina redio pale mbele. Pale kuna skrini na vitufe tu, redio yenyewe imekaa kwenye buti. Vitufe vya usukani, skrini, redio na sahani za CD vinapeana amri kupitia waya mmoja wa mawasiliano. Rafiki yangu alifungua dashibodi ya E39 akitegemea kukuta plagi za spika, akakuta kebo ya skrini tu. Ilibidi aende kung'oa zulia la upande wa kushoto wa buti ndipo aione redio yake.

Kizazi cha tatu ni cha mwanga. Mercedes W220 iliyotoka mwaka 1998 ilitumia mfumo uitwao D2B, na BMW Series 7 ya E65 ya mwaka 2001 ikaleta MOST, ambao baadaye ulienea kwa watengenezaji wengi wa Ulaya. Sauti na amri husafiri kama mwanga ndani ya kebo ya faiba ya plastiki, na vifaa vyote vimeunganishwa kwa mduara: redio inampa simu, simu inampa amplifaya, amplifaya inarudisha kwa redio. Ukichomoa kifaa kimoja mduara unakatika, na gari zima linakuwa bubu. Kuna kipande kidogo cha plastiki cha kuunganisha ncha mbili za faiba ili mwanga upite pale kifaa kilipotolewa. Na hiyo kebo usiikunje kama waya wa kawaida. Kona yake isiwe kali kuliko nusu kipenyo cha milimita 25 hivi, la sivyo mwanga unapotea njiani.

Ukishajua uko kizazi gani, nusu ya maamuzi imekwisha. Sasa njia zenyewe. Kwa maoni yangu ziko nne.

Kuiacha redio ya kiwandani na kuifungulia mlango wa simu

Watu wengi wanaodai wanataka redio mpya wanachotaka hasa ni muziki wa kwenye simu na kuongea bila kuishika. Kama ni hilo tu, usikimbilie kuvunja dashibodi.

Mlango rahisi kabisa ni kile kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti kinachorusha muziki kwa mawimbi ya FM. Ndicho ninachokipenda kidogo kuliko vyote. FM yenyewe haibebi sauti za juu zaidi ya kilohezi 15, na ukipita karibu na kituo cha redio chenye masafa hayo hayo, muziki wako unamezwa. Afadhali yule ndugu yake anayefungwa kwa waya kati ya antena na redio: unapobonyeza swichi anaikata antena na kuingiza muziki moja kwa moja, kwa hiyo hakuna stesheni ya kugombana nayo.

Kama redio yako ina mkanda, kaseti ya adapta inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ndani yake hakuna mkanda. Kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachogusana na kichwa cha redio na kumpa muziki. Tatizo lake huwa ni redio zenye kugeuza upande zenyewe: zikihisi magurudumu hayazunguki inavyotakiwa, zinageuza upande kila baada ya muda au zinaitema. Kabla ya kuilaumu kaseti, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Baada ya miaka 30 kina utando wa kahawia ambao huwezi kuuona mpaka utoke kwenye pamba.

Mlango ninaoupendekeza zaidi, hasa kizazi cha pili, ni wa sahani za CD. Redio nyingi za miaka ya 90 zilitengenezwa zikitegemea sanduku la sahani sita kwenye buti, na soketi yake ipo hata kama sanduku halikununuliwa. Kuna vifaa vinavyochomekwa pale na kujifanya ndiyo sanduku lenyewe. Redio inauliza, "Upo?" kifaa kinajibu, "Nipo, nacheza sahani ya kwanza, wimbo wa tatu," kumbe muziki unatoka kwenye simu kupitia Bluetooth. Uzuri wake ni kwamba vitufe vya usukani vinaendelea kuruka nyimbo kama kawaida, na hakuna hata waya mmoja uliokatwa. Ukiuza gari, unachomoa plagi moja.

Kwa magari ya mduara wa mwanga hii ndiyo njia ninayoiamini karibu peke yake. Zipo boksi zinazoingia ndani ya mduara wa MOST na kujitambulisha kama kifaa cha kiwandani. Baadhi ya magari yanahitaji kuambiwa kwa kompyuta ya uchunguzi kwamba kifaa hicho sasa kipo. Usisahau kuuliza hilo kabla ya kununua, maana bila hiyo hatua menyu ya kukichagua haitaonekana.

Udhaifu wa njia hii ni wazi. Hupati ramani, hupati kamera ya nyuma, na jina la wimbo mara nyingi halionekani. Kwa mazungumzo ya simu, maikrofoni nzuri ni ile yenye waya unaoweza kuupitisha hadi karibu na kioo cha ndani; ile iliyojengwa ndani ya kifaa kilichojificha kwenye buti haina maana.

Redio ya DIN moja, ya kawaida au yenye sura ya kizamani

Hii ni kwa kizazi cha kwanza, na kwa sehemu ya cha pili isiyo na skrini. Redio mpya zisizo na CD ni fupi kwa kina kuliko za zamani, na hilo ni jambo la kushukuru: nyuma kunabaki nafasi ya nyaya na adapta, ambayo kwenye dashibodi za zamani huwa finyu mno.

Nunua adapta ya soketi ya gari lako. Upande mmoja unaingia kwenye plagi ya kiwandani, upande wa pili unaungana na nyaya za redio mpya. Redio nyingi zinazouzwa dukani hufuata rangi zinazofanana: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa ufunguo, nyeusi ni hasi, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, na jozi nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Rangi hizo ni za redio, siyo za gari. Gari lina rangi zake, kwa hiyo kila waya upimwe kwa mita. Kuna mtego mmoja ninaoutaja kila mara: kwenye baadhi ya magari ya familia ya Volkswagen na Audi nafasi ya umeme wa kudumu na wa ufunguo zimebadilishana kwenye soketi. Ukiziunganisha bila kupima, redio itasahau stesheni na saa kila ukizima gari, nawe utadhani redio ni mbovu.

Halafu kuna sura. Hapa mimi nina msimamo. Ndani ya gari lenye mbao zilizong'arishwa kwa mkono, redio yenye taa za bluu zinazomulika kama ukumbi wa disko ni kuitukana kazi ya mafundi waliolijenga. Taa za dashibodi za BMW za enzi hizo ni za rangi ya chungwa; kuna redio ambazo unaweza kuzipangia rangi ya taa mpaka ifanane, chagua hizo. Bora zaidi ni zile zinazotengenezwa makusudi kwa sura ya zamani, zenye vifundo viwili vya kuzungusha na uso mweusi usio na mbwembwe, lakini ndani zina Bluetooth na USB. Mwaka 2020 Porsche wenyewe walitoa mfumo wa namna hiyo kwa magari yao ya zamani: wa DIN moja kwa ajili ya 911 za kale hadi 993, na mkubwa zaidi kwa 986 na 996, wenye CarPlay ndani yake, yaani mfumo wa Apple unaoleta programu za simu kwenye skrini ya gari. Kiwanda kilichojenga gari kinapoona umuhimu wa kutobadilisha sura ya dashibodi, sisi wenye magari tuna sababu gani ya kupuuza?

Usidanganyike na maandishi ya wati kwenye boksi. Imeandikwa wati 50 mara nne, sawa. Igeuze redio uangalie fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 10, kwa volti 14 redio nzima haiwezi kuvuta zaidi ya wati 140 kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kuwa joto. Uwezo wa kweli kwa kila spika huwa kati ya wati 15 na 22. Zinatosha kabisa kwa gari tulivu, ilmradi spika zenyewe ni za kawaida, na hapo ndipo penye hatari niliyoiacha kwa makusudi hadi sasa.

Mtego wa amplifaya na spika za kiwandani

Magari ya kifahari yalikuja na mifumo ya muziki yenye majina makubwa, na mingi ilijengwa kwa njia isiyofanana na kitu chochote cha dukani. Cadillac Seville ya mwaka 1983 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa na mfumo wa Bose, na kila spika ilikuwa na amplifaya yake mwenyewe. Spika za mifumo ya aina hiyo mara nyingi zina ukinzani wa omu moja au mbili, wakati redio ya dukani imetengenezwa kwa omu nne. Punguza ukinzani kwa nusu, umeme unaopita unaongezeka maradufu. Redio haitalalamika siku ya kwanza. Itapata joto, itajizima ukipandisha sauti, na siku moja utasikia harufu ya plastiki iliyoungua na kimya.

Upande wa pili, ukiacha amplifaya ya kiwandani na kuipelekea nyaya za spika za redio mpya, unaipa mawimbi makubwa kuliko iliyozoea. Sauti inakwaruza hata ukiiweka chini kabisa. Amplifaya hiyo ilikuwa inangojea mawimbi madogo, ya volti chache tu, na nyingine hupokea kwa jozi ambayo waya wake hasi haupaswi kuguswa na bodi ya gari. Suluhisho ni adapta maalumu ya mfumo huo, au kutumia matundu ya mawimbi madogo ya redio mpya (tafuta redio yenye volti nne au zaidi, siyo mbili) pamoja na waya wa bluu wenye mstari mweupe wa kuiamsha amplifaya. Waya huo ukisahaulika, kila kitu kitaonekana kizima na hakuna sauti itakayotoka.

Kwa sababu hiyo, njia ya tatu, yaani kuacha redio na kubadilisha vilivyojificha, ina mashabiki wengi kati ya wanaoyajua magari haya. Redio ya asili inabaki machoni, amplifaya mpya ndogo inakaa chini ya kiti au kwenye buti, na spika mpya zinaingia nyuma ya vifuniko vya zamani. Hakuna anayeona kitu, kila mtu anasikia.

Na hata kabla ya hapo, fungua kifuniko cha spika ya mlango. Spika za miaka ya 80 na 90 nyingi zina pete ya povu inayoshika karatasi pembezoni, na povu hilo huoza. Mimi niliigusa ya mlango wa nyuma kwa kidole, ikadondoka kama makombo ya keki kavu. Karatasi ilikuwa inaelea bila kushikwa na kitu, ndiyo maana besi zilikuwa zinakwaruza. Mtu angeweza kununua redio tatu tofauti bila kuponya tatizo hilo. Pete mpya hubandikwa kwa gundi, kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye subira.

Skrini ya Android iliyotengenezwa kwa gari lako

Najua wengi wamekuja kwa ajili ya hii. Skrini kubwa, inayoingia pale pale palipokuwa na ya kiwandani, yenye ramani, kamera ya nyuma, na CarPlay au Android Auto (mfumo kama huo wa Google), ambazo zilianza mwaka 2014 na 2015. Kwa E39, W211 na magari mengine maarufu zipo zilizokatwa sawasawa na dashibodi, pamoja na boksi ndogo inayotafsiri lugha ya gari ili vitufe vya usukani vifanye kazi.

Ninazikubali kwa masharti. Kwanza, uliza kila kitu kinachopotea. Kwenye Lexus LS430 yenye ramani, baadhi ya mipangilio ya AC imo ndani ya skrini ya kiwandani. Ukiitoa bila mbadala, umeitoa na hiyo. Kwenye BMW zenye skrini, hesabu za safari na ujumbe mwingine vinapita hapo hapo. Pili, idadi ya viini vya prosesa inayotangazwa haina maana kubwa kuliko kumbukumbu na jinsi programu ilivyoandikwa; jaribu ile iliyokwisha kufungwa kwenye gari la mtu, uone inachukua sekunde ngapi kuamka na kama ramani na muziki vinakwenda pamoja bila kukwama. Tatu, vipi upokeaji wa stesheni? Redio ya FM ndani ya skrini nyingi za namna hii ni dhaifu kuliko ile ya kiwandani ya mwaka 1996. Ukiwa msikilizaji wa redio kweli kweli, utaikumbuka ya zamani.

Kwenye gari la mduara wa mwanga, skrini nzuri ni ile isiyoondoa kichwa cha mfumo wa zamani, yaani redio kuu ya kiwandani, bali inakitumia: picha inapita juu, sauti inaingia kupitia mlango wa ziada. Anayekuambia tutakata faiba tuweke nyaya mpya za spika kutoka mbele hadi nyuma, mshukuru na uondoke na gari lako.

| Njia | Kizazi kinachofaa | Kurudisha asili | Unachopata | Unachopoteza |
|---|---|---|---|---|
| Kuongezea mlango wa simu | Vyote, hasa cha pili na cha tatu | Kuchomoa plagi | Muziki wa simu, vitufe vya usukani | Ramani, kamera |
| Redio ya DIN moja | Cha kwanza | Rahisi kama soketi haikukatwa | Bluetooth, USB, sauti safi | Sura ya asili, kwa kiasi |
| Skrini ya Android | Cha pili, cha tatu kwa tahadhari | Inawezekana, kwa kazi | Ramani, kamera, CarPlay | FM nzuri, wakati mwingine menyu za gari |
| Amplifaya na spika zilizojificha | Cha kwanza na cha pili | Kwa kazi ya siku | Sauti bora kuliko zote | Muda na nafasi kwenye buti |

Mambo matatu yanayoharibu kazi nzuri

Antena. Magari mengi ya kifahari yana antena ndani ya kioo cha nyuma, zenye kikuza mawimbi kinachohitaji umeme wa volti 12, na redio ya kiwandani ilikuwa inampelekea umeme huo kupitia kebo ya antena yenyewe. Redio mpya haifanyi hivyo. Matokeo yake stesheni zinakoroma hata ukiwa karibu na mnara. Kuna adapta ya antena yenye waya wa bluu wa kumpa umeme. Ni kitu kidogo sana na wengi hukisahau, kisha wanalaumu redio.

Mluzi wa injini. Ule niliokuwa nao mwanzoni ulitokana na waya hasi wa redio kufungwa kwenye skrubu yenye rangi, na wa amplifaya mahali pengine kabisa. Kukiwa na tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo mbili, kelele ya jenereta inaingia kwenye muziki. Niliparua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikazileta hasi zote mbili kwenye bolti moja, na mluzi ukakatika palepale, kama mtu aliyefunga mlango. Na waya mkubwa wa umeme wa amplifaya upite upande mmoja wa gari, za mawimbi upande wa pili. Fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri.

Umeme unaovuja gari likiwa limezimwa ndio unaoniumiza zaidi, kwa sababu hauonekani mpaka asubuhi ya haraka. Magari mengi ya kizazi cha pili na cha tatu hayana waya wa umeme wa ufunguo nyuma ya redio. Taarifa ya ufunguo inakuja kwa lugha ya mawasiliano. Fundi asiyejua hilo huunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja, redio iwe macho saa zote. Skrini iliyolala nusu usingizi ikivuta nusu ampea, betri ya Ah 70 iliyojaa inaisha kabisa ndani ya siku zipatazo sita, na gari litagoma kuwaka mapema zaidi ya hapo. Kiasi kinachokubalika ni miliampea 50 au chini yake. Pima: weka mita kati ya ncha hasi ya betri na kebo yake, funga gari, subiri nusu saa vifaa vyote vilale, kisha soma. Usiwashe gari mita ikiwa imeunganishwa hivyo.

Ningechagua nini

Kwa gari la kizazi cha kwanza lenye redio yake ya asili nzima, ningeiacha, nikaweka amplifaya ndogo iliyojificha yenye Bluetooth na kurekebisha spika. Redio za Becker za enzi hizo zina historia ndefu. Modeli yao iitwayo Mexico, ya mwaka 1953, ilikuwa na uwezo wa kutafuta stesheni yenyewe wakati wengi walikuwa bado wanazungusha kifundo. Kama redio ya asili imeshapotea, DIN moja yenye sura ya zamani.

Kwa E38 au E39, kifaa cha kujifanya sanduku la CD, isipokuwa kama unaendesha kila siku mjini na unahitaji kweli kamera na ramani. Hapo skrini maalumu ya gari hilo, na ya zamani uihifadhi ndani ya sanduku kavu pamoja na skrubu zake zote.

Kwa W220, E65 na jamaa zao, usiguse kichwa cha mfumo. Boksi ya kuingia kwenye mduara, basi.

Kazi yoyote uliyochagua, uliza msimbo wa redio kabla hujatoa betri, maana redio nyingi za Ulaya zikikatiwa umeme hujifunga. Na redio zenye nafasi nyembamba pembeni zinatoka kwa funguo maalumu za bapa, siyo kwa bisibisi; alama za bisibisi kwenye mbao hazifutiki.

Ile W126 yangu nimeimaliza hivi: nilipata soketi ya kiwandani kutoka kwenye gari lililokuwa linavunjwa, pamoja na sentimita 20 za nyaya zake, nikaziunga moja moja kwa risasi na kuzivika mirija ya kusinyaa kwa joto. Redio ya Becker ya umri ule ule ikarudi mahali pake. Amplifaya iko chini ya kiti cha nyuma, imeunganishwa na simu, na nilipopima mwisho mita ilisoma ampea 0.03. Msimbo wa redio nimeuandika kwenye karatasi na kuuweka ndani ya kitabu cha gari, nyuma ya ukurasa wa fyuzi, ili atakayelimiliki baada yangu aukute.